Sataranji ya Mawe, Sataranji ya Chuma

Tabaka, Mugirango Kusini katika Kaunti ya Kisii, farasi wa sataranji huanzia chini ya panga. Bonge la jiwe la sabuni, likiwa bado na unyevu wa machimbo, hupasuliwa vipande vinavyoenea kiganjani, kisha kisu huingia: shingo kwanza, halafu taya, halafu yale masikio mawili ambayo ndiyo yenye hatari kuliko yote, kwa sababu mkono ukizidisha kidogo sikio huruka na kipande kizima huwa si kitu tena. Vumbi lake ni jeupe na laini kama unga wa ngano. Linatua kwenye nyusi, kwenye mikunjo ya suruali, kwenye majani ya migomba iliyo karibu. Kutoka hapo farasi hukabidhiwa wanawake waliokaa na beseni za maji na msasa, wamsugue mpaka alama za kisu zipotee. Akishakauka juani hupakwa nta na kupigwa kitambaa mpaka ang'ae.

Kete za upande mmoja huachwa na rangi yao ya maziwa, za upande wa pili hutiwa rangi nyeusi au huchongwa katika jiwe la kijivu. Zikitimia 32, na ubao wake wa miraba 64, seti hufungwa kwa magazeti na kuanza safari: Kisii mjini, Nairobi au Mombasa, kisha meli au ndege. Ngome mara nyingi huwa nyumba ya msonge, na askari huwa watu wenye ngao. Huko inakofika, seti hiyo huwekwa juu ya rafu ya sebule, na wengi wanaoinunua hawaichezei hata mara moja.

Si kosa la mchongaji. Kete za mashindano zina vipimo vyake. Umbo linalokubalika duniani ni lile la Staunton, lililoanza kuuzwa London mwaka 1849, na shirikisho la kimataifa, FIDE, linataka mfalme awe na kimo cha sentimita 9.5 hivi, na kila mraba wa ubao uwe na upande wa sentimita 5 hadi 6. Jiwe la sabuni likidondoka sakafuni hupasuka. Mchezaji mwenye dakika moja iliyobaki kwenye saa hawezi kusita akijiuliza kama kile kilicho mbele yake ni askofu au ni askari mrefu. Ndiyo maana katika kumbi kubwa za dunia kete ni za mbao, na jiwe la Tabaka halimo. Lakini habari ya ukumbi mmoja kati ya hizo inastahili kusimuliwa kwa watu wa Gusii kwa kirefu, kwa sababu haikuanza kwa wakubwa. Ilianza kwa watu wa kazi za mikono.

Mwaka 1918 Uholanzi ilianzisha kampuni ya chuma iliyojulikana kwa jina la Hoogovens, yaani matanuri ya kuyeyushia chuma, na mitambo yake ikajengwa kando ya bahari kule IJmuiden. Wafanyakazi wake walikuwa na klabu ya sataranji. Mwaka 1938 wakaandaa shindano katika mji jirani wa Beverwijk, na kundi la juu lilikuwa na wachezaji wanne tu, wote Waholanzi. Mshindi alikuwa Philip Bakker, jina ambalo leo hata mashabiki sugu hulikumbuka kwa taabu. Mwaka 1940 akashinda Max Euwe, na huyo alikuwa mtu mwingine kabisa: mwalimu wa hisabati aliyekuwa amemvua Alexander Alekhine taji la dunia mwaka 1935. Shindano la kiwanda lilikuwa limempata bingwa likiwa na umri wa miaka miwili.

Vita vikaja, Wajerumani wakaikalia nchi, na bado kila mwaka meza zilitandikwa. Ni mwaka 1945 pekee ambapo hakukuwa na mchezo. Majira yale ya baridi Uholanzi ya magharibi ilikumbwa na njaa iliyoua watu wapatao 20,000. Watu walikula hata vitunguu vya maua ya tulipu. Kwa hiyo mwaka 1946, waandaaji walipowaalika wageni kwa mara ya kwanza, kutoka Ubelgiji na Uswidi, hawakuwa na karamu ya kuwaandalia. Waliwapa supu ya minji. Mbelgiji Alberic O'Kelly de Galway ndiye aliyeshinda. Supu ile haikuondoka mezani tena. Mpaka leo hii, karamu ya kufungia mashindano huanza kwa supu ya minji, na mabingwa wa dunia huinywa kama wengine.

Mwaka 1968 mashindano yalihamia Wijk aan Zee, kijiji cha watu elfu mbili na ushei kinachopigwa na upepo wa Bahari ya Kaskazini, na moshi wa matanuri ukionekana nyuma yake. Viktor Korchnoi alichukua ushindi wa mwaka huo. Mwaka uliofuata Mikhail Botvinnik, baba wa sataranji ya Kisovieti, aligawana nafasi ya kwanza na Efim Geller. Tangu hapo, kila Januari, mtu akitaka kujua nani ana nguvu duniani huangalia kijiji hicho.

Mchezo mmoja unatosha kueleza kwa nini. Tarehe 20 Januari 1999, Garry Kasparov, akicheza na kete nyeupe, aliketi mbele ya Veselin Topalov wa Bulgaria. Katika hatua ya 24 Kasparov aliiweka ngome yake mahali ambapo askari angeweza kuila bure. Topalov angeweza kuiacha. Aliila. Kilichofuata ni jambo ambalo makocha huwaonyesha watoto mpaka leo: mfalme mweusi aliburutwa kutoka kwenye ngome zake, akapita pembeni mwa ubao, akavuka katikati ya kete za adui, akateremka mraba kwa mraba mpaka akafika safu ya kwanza kabisa, ile ambayo Kasparov alipanga kete zake mwanzoni mwa mchezo. Mfalme alitembea uwanja mzima kwenda kufia nyumbani kwa mwenziwe. Hatua ya 44 Topalov alisalimu amri. Kasparov alichukua mashindano hayo mwaka 1999, 2000 na 2001.

Mwaka 2003 Viswanathan Anand wa India alishinda, na nyuma yake, kwa nusu pointi tu na bila kupoteza mchezo hata mmoja, akaja Judit Polgar wa Hungaria, mwanamke pekee katika kundi lile. Kisha enzi ya Magnus Carlsen ikaingia: alishinda au kugawana ushindi mara nane kati ya 2008 na 2022, na mwaka 2013 akapata pointi 10 kati ya 13, sawasawa na alizopata Kasparov mwaka 1999.

Jina la kwenye bango nalo limebadilika pamoja na historia ya chuma yenyewe. Mwaka 1999 Hoogovens iliungana na kampuni ya chuma ya Uingereza, ikawa Corus. Mwaka 2007 Corus ikanunuliwa na Tata ya India, na kuanzia 2011 mashindano yanaitwa Tata Steel. Mhindi aliyezaliwa chini ya utawala wa Mwingereza hangeamini kwamba siku moja kampuni ya kwao ingemiliki matanuri ya Ulaya na meza za sataranji zilizo pembeni yake. Mwaka 2018 jina hilohilo likafungua mashindano dada Kolkata. Na Februari 2025, katika meza ya mwisho kule Wijk aan Zee, waliobaki kuamua nani bingwa walikuwa vijana wawili wa Chennai: Praggnanandhaa na Gukesh, ambaye alikuwa amelitwaa taji la dunia miezi miwili tu kabla. Praggnanandhaa akashinda katika mchezo wa kasi wa kuamua.

Lakini ukuu wa Wijk aan Zee haumo katika majina hayo. Kundi la juu lina wachezaji 14. Katika ukumbi huohuo, chini ya paa lilelile, wapo mamia ya wachezaji wa kawaida: walimu, wastaafu, wanafunzi, mafundi wa kiwanda. Wamepangwa katika makundi ya watu kumi kumi, na anayeshinda kundi lake hupanda daraja la juu yake mwaka unaofuata. Mshindi wa kundi la pili la wataalamu naye hupata kiti cha kundi la kwanza. Ni ngazi moja, kutoka kwa fundi bomba hadi kwa bingwa wa dunia, na kila kipandio kina tarehe yake. Mtu akiinua kichwa kutoka kwenye mchezo wake mbaya, anamwona gwiji wa kundi la juu akitembea.

Mashindano yasiyo na ngazi hiyo huwa na mwisho mwingine. Linares, mji wa machimbo kusini mwa Hispania, ulikuwa na shindano lililoanza mwaka 1978 kwa juhudi za mfanyabiashara Luis Rentero. Kwa miaka mingi lilikuwa kali kuliko yote duniani. Kasparov alishinda huko mara tisa, na mwaka 1994 Anatoly Karpov alipata pointi 11 kati ya 13, mojawapo ya ushindi mkubwa kabisa kuwahi kuandikwa. Walioalikwa walikuwa vigogo peke yao. Fedha zilipokauka, sehemu ya michezo ikapelekwa Morelia, Mexico, na baada ya 2010 Linares haikuchezwa tena katika umbo hilo. Monaco nako tajiri mmoja wa Kiholanzi, Joop van Oosterom, aliandaa tangu 1992 mashindano yaliyobeba jina la binti yake, Melody Amber. Zawadi zilikuwa nono, hoteli nzuri, wachezaji bora. Mwaka 2011 yakafungwa.

Hapo ndipo safu hii inaposimama. Pesa za mtu mmoja hununua mashindano ya miaka michache. Kinachoyafanya yadumu miaka themanini na zaidi ni mahali, tarehe isiyohamahama, na watu wa kawaida wanaoyahesabu kuwa yao. Gusii inalijua jambo hili vizuri, ingawa imelijua kwa miguu kabla ya kulijua kwa kete.

Chama cha riadha cha Kenya kiliundwa mwaka 1951, na nguvu yake haikuwa pesa. Ilikuwa kalenda. Kila mwaka kulikuwa na mbio za tarafa, za wilaya, za mkoa, kisha za taifa, na kijana aliyeshinda chini alijua hasa anakwenda wapi. Kwa ngazi hiyo Nyantika Maiyoro wa Kisii alifika Vancouver mwaka 1954 na kumaliza wa nne katika maili tatu, akafika Melbourne mwaka 1956 akawa wa saba katika mita 5,000, na Roma mwaka 1960 akawa wa sita. Wapenzi wa riadha duniani waliliona jina la Mkenya kwenye orodha ya matokeo kabla ya kujifunza kulitamka. Naftali Temu, mtoto wa upande wa Nyamira, alipanda vipandio hivyohivyo. Mwaka 1966 kule Kingston, Jamaika, alimshinda Ron Clarke wa Australia katika maili sita, na Oktoba 1968 Mexico City akailetea Kenya dhahabu yake ya kwanza ya Olimpiki, katika mita 10,000. Miaka minne baadaye, Munich, timu ya kupokezana vijiti ya mita 400 mara nne iliyotwaa dhahabu ilikuwa na Wagusii watatu kati ya wanne: Charles Asati, Hezekiah Nyamau na Robert Ouko. Wa nne alikuwa Julius Sang.

Riadha pia ina Wijk aan Zee yake. Ni mashindano ya Bislett mjini Oslo, ya kila mwaka, katika uwanja mdogo wenye mashabiki waliokaa karibu kiasi cha kusikia pumzi za wakimbiaji. Tarehe 5 Julai 1993, Richard Chelimo alikuwa amevunja rekodi ya dunia ya mita 10,000 mjini Stockholm kwa dakika 27 na sekunde 7.91. Rekodi hiyo iliishi siku tano. Tarehe 10 Julai, Yobes Ondieki, mzaliwa wa Kisii na bingwa wa dunia wa mita 5,000 wa mwaka 1991, aliingia Bislett na kutoka na dakika 26 na sekunde 58.38, binadamu wa kwanza kukimbia umbali huo chini ya dakika 27. Angekuwa na mapafu yaleyale bila siku ile kuwepo kwenye kalenda, rekodi ingeandikwa na mtu mwingine.

Sataranji ina sheria inayofanya kalenda iwe na uzito zaidi kuliko katika riadha. Mkimbiaji akikimbia kasi, saa humshuhudia hata akiwa peke yake. Mchezaji wa sataranji hupimwa na aliye mbele yake. Ili aitwe grandmasta anapaswa kufikisha alama 2,500 za kiwango na kufaulu mitihani mitatu ya mezani, kila mmoja ukiwa mashindano yenye angalau grandmasta watatu miongoni mwa wapinzani wake, na wageni wa kutosha kutoka mashirikisho mengine. Kipaji kinachokaa mahali ambapo grandmasta hawafiki hakina pa kufanyia mtihani. Amon Simutowe wa Zambia, mtu wa kwanza kutoka Afrika kusini mwa Sahara kulipata taji hilo, alilazimika kwenda kushinda mashindano Arnhem, Uholanzi, mwaka 2007, na taji likathibitishwa 2009. Kenny Solomon wa Afrika Kusini alimfuata miaka michache baadaye. Kenya inao wachezaji hodari, na mashindano yake ya wazi, yaliyozoea kuchezwa Nairobi msimu wa Pasaka, huwavuta majirani kutoka Uganda. Grandmasta wake mwenyewe bado haijampata.

Kwa nini Gusii iingie katika mazungumzo haya? Kwanza, akili ya ubao ipo tayari, na ipo hadharani. Katika mji wa Kisii kama katika miji mingi ya Kenya, wanaosubiri abiria steji hucheza drafti kwenye ubao uliochorwa kwa kalamu, kwa vizibo vya soda, vya mmoja vikiangalia juu na vya mwenzake vikiangalia chini. Wanaotazama husimama kwa duara na kuhesabu hatua nne mbele bila karatasi. Mtu anayeweza kumtegea mwenzake mtego wa drafti, akitoa kizibo kimoja ili ale vitatu, ameshaelewa kile Kasparov alichomfanyia Topalov. Kilichobaki ni kujifunza jinsi kila kete inavyokwenda, na hilo ni somo la jioni moja.

Pili, kuna jiwe. Hapa ubishi na wachongaji ni wa kirafiki, lakini ni ubishi wa kweli. Kwa muda mrefu sokoni kumetakiwa seti za mapambo, na Tabaka imezitoa kwa ustadi. Mkono uliolea sanaa iliyompeleka Elkana Ong'esa hadi makao makuu ya UNESCO mjini Paris, ambako ndege wake wa amani amesimama, hauwezi kushindwa na mfalme wa sentimita 9.5. Kinachotakiwa ni kielelezo kimoja cha Staunton kwenye benchi la kazi, rula, na mchongaji anayeujua mchezo. Masikio ya farasi yatalazwa nyuma yashikane na shingo, msalaba wa mfalme utakuwa mnene kidogo, kitako kitapigwa kitambaa kizito ili kete isiteleze. Si lazima ukumbi wote uwe na kete za mawe. Meza mbili za mbele zingetosha, na washindani wangeamkia kuzigombea. 

Tatu, vyuo na shule. Kisii ina chuo kikuu kamili tangu 2013, na kaunti zote mbili za Gusii, Kisii na Nyamira, zimejaa shule za bweni zenye madawati na wikendi ndefu. Shindano la kiwanda cha IJmuiden lilianza kwa wachezaji wanne katika kundi lake la juu. Bweni moja la Nyamira lina zaidi ya hao kabla ya kengele ya chakula. Mashindano ya namna hii hayahitaji kumwalika Carlsen mwaka wa kwanza, wala wa kumi. Yanahitaji wiki moja iliyotajwa na kushikwa, makundi ya kumi kumi, mshindi kupanda, na wageni wachache wenye viwango kutoka Kampala, Dar es Salaam na Lusaka walioketi ukumbi mmoja na wanafunzi. Karamu ya mwisho haihitaji minji. Obokima, yaani ugali, na mboga za chinsaga vipo.

Hoja ya wanaosema kwamba hakuna mfadhili ina nguvu, na si ya kupuuzwa. Hoogovens ilikuwa kampuni kubwa yenye mishahara ya uhakika, na Gusii ina chai, ndizi na wachuuzi. Ila tazama mpangilio wa mambo ulivyokuwa: klabu ilitangulia, tarehe ikafuata, kampuni ikakubali kubeba gharama kwa sababu wachezaji walikuwa wafanyakazi wake. Viwanda vya majani chai vya Nyamira vinamilikiwa na wakulima wenyewe kwa hisa. Watoto wa wenye hisa ndio wangekaa kwenye meza hizo.

Kwa sasa njia rahisi ya kuyaona mashindano ya wakubwa ni simu. Raundi za Wijk aan Zee huanza saa nane mchana kwa saa za Uholanzi, nayo ni saa kumi alasiri Kenya. Januari, saa hiyo, mistari ya wachuma chai imefika kwenye vituo vya kupimia, magunia yananing'inia kwenye mizani, na lori la kiwanda bado halijatokea. Kijana aliyetumwa kupeleka majani ya mama yake ana nusu saa ya kukaa juu ya ukuta. Akiifungua simu, meza ya kwanza inaonekana kwa uwazi: saa inayohesabu, farasi akiinuliwa kwa vidole viwili, na nyuma yake, nje ya duara la taa, mgongo wa mchezaji wa kawaida anayefikiria hatua yake.